Ukoo Niliomtungia Daktari

Mama yangu alichomwa na mwiba akifunga uzio wa kijiji tulichohamishiwa na serikali, nje kidogo ya mji wa Garissa, wakati wa vita ambavyo redio iliviita vya mashifta. Sisi tuliviita vita tu. Mguu ulivimba hadi gotini, ukaanza kunuka. Dresa wa zahanati, mzee wa kwetu aliyefunga vidonda vya mji mzima na kuitwa daktari bila kusomea popote, alikuwa amechukuliwa na wanajeshi, na hakuna aliyethubutu kuuliza alikopelekwa. Badala yake aliletwa kijana, daktari wa kweli. Watu walisema ametoka Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa kwingine.

Mimi nilikuwa msichana wa shule, pekee nyumbani niliyejua Kiswahili, na majivuno yalinijaa hadi puani. Shahada ya daktari, ya chuo cha Kampala, ilitundikwa ukutani ndani ya kioo, na muhuri mwekundu pembeni. Niliisoma neno kwa neno tulipokuwa tukingoja. Nilitaka sana yule kijana atuone kuwa sisi nasi ni watu waungwana.

Alipouona mguu alisema taratibu, ili niweze kutafsiri, kwamba usaha uko ndani, lazima apasue leo, na kwamba ukiachwa mguu wote utakatwa. Nikatafsiri. Mama akanijibu kwa Kisomali, "Muulize ni mtoto wa nani."

"Hooyo, huyu ni daktari. Tazama karatasi yake pale."

"Karatasi hata askari wanazo. Walinionyesha moja siku waliyochukua mbuzi wangu. Nikifia mikononi mwake, wajomba zako wataketi na nani kuzungumzia fidia ya damu yangu? Mtu huwa na watu wa kujibu kwa niaba yake. Ahesabu baba zake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu amesoma miaka na miaka huko Kampala, halafu mama yangu anamhoji kama mchumba aliyekuja kuposa! Nikamuuliza daktari huku nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Alikuwa akinawa mikono. Aliacha kidogo, kisha akaendelea kunawa. "Mwambie sijui," alisema. "Nimelelewa na mapadri. Hata jina nililo nalo ni la padri."

"Amesemaje?" mama akauliza.

Kwetu, mtu asiyejulikana baba ana neno lake, na neno hilo halitamkwi mbele ya watu wenye adabu. Kama ningetafsiri, mama angeinuka na mguu wake akaenda kuozea nyumbani. Nilifungua mdomo bila kujua nitasema nini, na kilichotoka kilikuwa somo la jiografia, ile mito ya Afrika tuliyokaririshwa kwa fimbo. Ni mtoto wa Limpopo, nikasema, mtoto wa Zambezi, mtoto wa Kongo, mtoto wa Niger, nikaendelea hadi mito ikaniishia. Tana niliuruka kwa sababu mama aliteka maji humo kila siku.

Mama alihesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza ulipojaa akahamia wa pili, kisha akaunyoosha mguu juu ya meza. "Wana majina mabaya," alisema, "lakini ana watu. Akate."

Mguu ulipona, na mama akawa hana habari nyingine ya kusimulia mtoni wala sokoni. Wanawake waliokuwa wakificha watoto wagonjwa majumbani walianza kuja. Siku ya bandeji ya mwisho tulikuta foleni hadi nje, na mama mmoja akiita kwa Kiswahili chake, "Ina Limbobo! Mtoto yangu habumui fizuri!"

Daktari alimhudumia yule mtoto, kisha akaniita ndani peke yangu.

"Nilidhani *ina Limbobo* ndivyo daktari anavyoitwa kwa Kisomali," alisema. "Leo nimeuliza maana yake. Nimeambiwa ni mtoto wa Limpopo, na kwamba wewe ndiwe uliyemtaja."

Nilimwambia yote, machozi na kamasi vikichuruzika pamoja. Nilimwambia kuhusu wajomba, na kwa nini ilibidi apatikane mtu wa kuketi nao. Nilisema nitamweleza mama ukweli sasa hivi. Nilikuwa nimemwonea mama aibu mbele yake, na sasa nilijionea aibu mwenyewe, nikawaonea aibu hata wale wanawake wa nje, sisi sote tuliokuwa tumemwonyesha mtu huyu, siku baada ya siku, kwamba bila baba hana thamani ya kumgusa mtoto wetu. Mzaha wa mtoto wa shule nao ndio uliompa ruhusa ya kufanya kazi aliyoisomea.

"Usimwambie mama yako," alisema.

Akafunga mlango. Nilijua sasa atanigombeza, nami nilitaka anigombeze. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, karibu nami.

"Baba yake Limpopo ni nani?"

"Zambezi."

"Na wa Zambezi?"

Nilimtajia mmoja mmoja, nikingoja acheke. Hakucheka. Midomo yake ilikuwa ikirudia kila jina polepole. Alikosea wa nne, akaniomba tuanze tena.