Chai ya Naibu wa Chifu

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilikuwa napigia watu barua kwa taipu pale Kitale, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Singasinga mmoja. Barua za malalamiko ndizo zilikuwa nyingi. Watu walifika wakiwa wamevimba kwa hasira, wakitaka niandike matusi. Niliwaambia: matusi peleka kwa shemeji yako. Barua inataka tarehe, kilichotendeka, na unachotaka kitendeke, basi.

Siku moja akaja mama yangu kutoka Kabuchai. Naibu wa chifu wa kwetu alikuwa amezungusha seng'enge kwenye shamba lake na kufunga njia ya kwenda chemchemi. Mama alikuwa na goti bovu. Sasa ilimbidi ashuke mpaka mtoni, apande tena kile kilima na debe kichwani.

"Andika kwamba hata babake alikuwa mwizi wa ndizi," akasema.

"Mama, hiyo haiingii."

"Si ni ukweli?"

Nikaandika barua kwa D.O., yule afisa wa tarafa, na juu yake nikapiga: Kupitia kwa Naibu wa Chifu. Ndiyo sheria ya serikali. Barua haipandi kwa mkubwa kabla haijapita kwa mdogo wake, hata kama huyo mdogo ndiye unayemlalamikia. Mama aliniangalia kama mtu aliyepoteza akili. Mimi mwenyewe nilikasirika, lakini barua isiyopitia inarudishwa, bana.

Tukampelekea. Aliisoma yote, akapiga mhuri, akasema ataituma mbele baada ya kufanya uchunguzi. Ati uchunguzi! Jumamosi akaja nyumbani na faili kwapani, akakaa nje mlangoni, kwenye kiti cha marehemu baba.

"Mama, unamlalamikia nani?"

"Wewe."

Akaandika. Kisha akafunga faili, akangoja chai. Kwetu mgeni haondoki na koo kavu, na mgeni naye haondoki kabla ya chai. Akiondoka, ametangaza uadui.

Mama akachukua debe. "Ngoja kidogo, Chifu. Maji hakuna."

Nikasimama nimsaidie. Akanikata jicho, nikakaa. Akashuka kilima polepole, akishika goti. Kutoka kwenye kile kiti mtu aliona kila kitu: mama, kilima, na seng'enge, na nyuma yake chemchemi, karibu kabisa. Majirani waliopita walimsalimia naibu, wakamuuliza anangoja nini.

"Chai," akajibu. Mara ya tatu alijibu huku akiangalia viatu vyake.

Mama alirudi jasho likimtiririka, akawasha moto, akamwekea sukari nyingi. Naibu alikunywa vikombe viwili. Hakuuliza swali lingine. Wiki iliyofuata seng'enge ilikuwa imekatwa, pakaachwa pengo la kutosha mtu na debe lake.

Jibu la D.O. lilichelewa sana, mahindi yalikuwa yameshavunwa. Nikamsomea mama: malalamiko yako yamepokelewa, tafadhali muone naibu wa chifu wako.

Mama alikuwa anaosha vikombe. Alicheka mpaka akalazimika kukaa.

"Mjibu huyo D.O.," akasema. "Mwambie kabla hajaniandikia tena, apitie hapa kwanza anywe chai."