Jeneza Lililorudi na Mtu

Mume wangu alipooza upande wa kulia, na miaka mitatu sasa nambeba mwenyewe. Namtoa kitandani, namkalisha ukumbini, nampeleka kuoga, namrudisha. Mkwe wangu akitaka kunisaidia namwambia, "Ondoka hapo, utamvunja." Namsema mwanamme aliyekuwa seremala, aliyebeba mbao za mfenesi begani kutoka Kengeja mpaka kwetu chini kando ya mikoko bila ya kupumzika. Nilimwapia kuwa watu hawatomnyanyua mpaka siku yake. Basi nataka kueleza watu walivyomnyanyua kabla ya siku yake, na mimi nipo, na mimi ndiye niliyewaruhusu.

Ilikuwa asubuhi ya bamvua. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku ya tatu, na kila mtu wa pwani anajua siku hizo maji hutoka mbali mpaka unaweza kwenda kwa miguu ukafika kwenye vijiti vya mwani vya mwisho. Nilishajifunga kanga kiunoni, kamba zangu begani, nataka kushuka kufunga mwani. Mzee nilishamnywesha uji.

Mjukuu wangu akaingia mbio. Binti huyu ni mwalimu wa skuli, wa kwanza kwetu kuvaa joho, na picha yake na joho lake iko ukutani, ukija kwangu utaiona kabla hujaniona mimi. Siku hizo skuli zilikuwa zimefungwa. Kaingia kichwa wazi, simu mkononi.

"Bibi, bahari inakuja!"

"Inakuja wapi? Ndiyo kwanza inatoka."

"Huko mbali ardhi imetetemeka, bibi. Chini ya bahari. Maji yamenyanyuka, yanakuja kuno. Sikiliza."

Akanifungulia sauti ya mtu. Mwanamme, anahema, anasema watu wote wa pwani wapande juu, wasichukue kitu. Nikamuuliza ni nani huyu. Hajui. Katumiwa na mwenzake wa Unguja, naye katumiwa.

"Ardhi imetetemeka nchi gani?"

"Wengine wanasema Indonesia. Wengine Ujapani."

Mkwe wangu jikoni akadakia kuwa yeye kasikia ni Urusi. Nikawaambia kwanza wakubaliane, ndiyo nitakimbia.

Hapo akaja jirani yetu, fundi wa mashine za boti, mtu mzima asiyeshtuka ovyo. Siku ile macho yamemtoka. "Mama, umeiona pwani? Maji yametoka mpaka mwisho. Ndivyo inavyokuwa, bahari inajivuta kwanza halafu inarudi yote."

"Bamvua hii, baba. Tokea umezaliwa hujaona bamvua?"

"Siyo hivi."

Nikatoka nje kwenda kumwonyesha. Na hapa ndipo akili yangu ilipokwenda, naeleza kama ilivyokuwa. Nilisimama nikaitazama bahari niliyoingia tokea nina miaka saba, nikawa siijui. Mchanga umetandaa, nyasi za bahari zimelala, vijiti vyangu vimesimama kule. Kijiti changu cha mwisho hubaki na maji ya magoti hata bamvua iwe kubwa vipi. Nikakikodolea. Kina maji au hakina? Jua linanipiga machoni, sioni. Nikajisemea kina. Nikajisemea hakina. Mwezi uliopita yalifika wapi? Sikumbuki. Kitu ninachokitazama kila siku, nimeulizwa siku moja tu, nikakosa jibu.

Watu wameshaanza kupita na mafurushi. Mmoja kabeba mtungi wa gesi. Mmoja kabeba jogoo na kamwacha mumewe nyuma anafunga mlango. Wote wanapanda skuli, kwa kuwa skuli yetu iko juu ya kilima. Gari ya abiria ikapita imejaa mpaka watu wananing'inia kwenye mbao, tukaipungia, dereva hata hakutazama.

"Mama," fundi akasema, "na mzee je?"

Nikasema nitambeba mimi. Akanitazama, akatazama kilima, akanipisha. Aliniheshimu. Nikajaribu. Nilifika naye mlangoni tu, nikakitazama kile kilima, nikamrudisha kitini. Wilbaro letu gurudumu limepasuka. Kitanda hakipiti mlangoni.

Fundi akasema taratibu, "Liko jeneza msikitini."

"Nani kakwambia kafa?"

"Hajafa, mama. Lakini lina mikono ya kubebea, na sisi tumelizoea."

Nikamtukana. Sitosema nilivyomtukana. Mjukuu wangu analia, simu inalia, na mzee kule kwenye kiti akanyanyua mkono wake mzima. Ulimi wake mzito, lakini mimi namwelewa.

"Nitieni. Nimelitengeneza mimi."

Kweli alilitengeneza yeye, miaka mingi nyuma, kwa mvule, wakfu wa msikiti. Watu wote wa kwetu waliokufa tokea wakati huo wamepita humo. Basi likaletwa. Wakamlaza wanaume wanne, nikamwekea mto. Jua lilikuwa kali, nikamfunika kanga yangu, uso na yote, asiungue. Hilo ni kosa langu, wala simsingizii mtu.

Tukatoka. Fundi mbele, mimi nyuma, mjukuu wangu kanishika mkono.

Sasa anayejua kwetu anajua, jeneza likipita halipiti hivi hivi. Mwanamme akiliona huacha alichonacho akatia bega, japo hatua saba, apate thawabu, kisha humwachia mwenzake. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Basi watu waliokuwa wakikimbia bahari, walipoliona jeneza, wakaweka chini mafurushi. Huyu akatia bega. Yule akatia bega. Mabega yakabadilishana, fundi akasukumwa nyuma, hasikilizwi, wakaingia wasiotujua, watu wa vijiji vya jirani. Mmoja akaanza La ilaha illa llah. Wakaitikia wote. Na mwendo ukaongezeka, maana maiti haicheleweshwi.

Nikapiga kelele, "Hajafa huyu!"

Mzee mmoja mwenye kanzu akageuka. Simjui, na ndevu zake zilikuwa nyeupe kuliko kanzu. Akaniambia kwa upole, "Subiri, mama. Kila aliyefiwa husema hivyo."

"Baba, nakwambia mzima! Kanywa uji asubuhi!"

"Ndiyo dunia. Mtu anakunywa uji asubuhi. Sasa rudi nyumbani, mama, wanawake hawafuati jeneza."

"Nirudi wapi? Si nyumbani ndiko bahari inakokuja?"

Akafikiri kidogo. Wallahi alifikiri. Halafu akasema, "Hata hivyo."

Mpaka leo sijui nicheke au nilie nikilikumbuka neno hilo. Sikurudi. Nikajifunga vizuri nikafuata, na wanawake wengine waliponiona nafuata wakafuata na wao, na mtungi wa gesi na jogoo.

Pale njia panda, kulia unapanda skuli. Kushoto unateremka makaburini kwetu, bondeni kwenye minazi, na ukisimama pale unauona mkono wa bahari unavyoingia kwenye mikoko. Jeneza lile tokea litengenezwe halijawahi kupanda kulia. Na mabega yaliyolibeba hayajawahi kulibeba kwenda kulia. Hakuna aliyesema twende kushoto. Nilikuwa nyuma, natazama. Miguu yao ilikwenda yenyewe. Na watu wote waliokuwa wakikimbilia juu, sisi sote, tukateremka nyuma ya jeneza kuelekea baharini.

Namuuliza mjukuu wangu, wewe msomi, mbona hukusema? Anasema, "Bibi, na wewe mbona hukusema?" Nilikuwa nikipiga kelele kuwa hajafa. Kuhusu njia sikuona kitu. Na nieleze lililo baya zaidi. Mara moja, walipokuwa wakiitikia kwa sauti moja, nami niliitikia. Nikajisikia naitikia. Nikafikiri, au kweli amekufa, na mimi ndiye nisiyejua?

Wakalitua chini ya minazi. Wakaanza kuulizana kaburi liko wapi, nani kachimba. Mzee wa kanzu akauliza wenyewe wa maiti ni nani. Nikapenya katikati ya wanaume, nikaivuta kanga.

Mume wangu alikuwa kakodoa macho, jasho linamtiririka. Akawatazama mmoja mmoja. Akatazama minazi. Akatazama kaburi la mama yake, lile pale.

"Kuno ndiko mlikonikimbizia?" akasema.

Watu waliruka. Mmoja alianguka juu ya jogoo. Fundi akakaa chini, akajishika kichwa, akacheka, halafu mabega yakaanza kumtikisika na hakikuwa kicheko tena. Mzee wa kanzu akasema, "Subhanallah," akaja akapiga magoti mbele yangu. "Mama, nisamehe."

Nikamwambia, "Nikusamehe nini? Mimi mwenyewe niliitikia."

Nikamnywesha mzee maji. Kisha tukakumbuka bahari. Sote tuligeuka, na wakati wa kukimbia ulishapita. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mikoko. Nikayahesabu mashina ya mikoko kwa macho, moja moja. Yakafika shina la kwanza, polepole, na mapovu yake na majani makavu juu yake. Yakafika la pili. Yalikuja kama yanavyokuja baada ya bamvua, siku zote tokea nizaliwe. Tuliyatazama muda mrefu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kuwa ni maji tu.

Aliyesema wa kwanza ni mzee wangu, kule chini jenezani.

"Huko kwenyewe," akasema, nikawatafsiria wengine, "kulikotetemeka. Nani kawabeba?"

Mjukuu wangu akaitazama simu, akaitelezesha, akaitelezesha. Zimo sauti za watu wanaotuambia tukimbie, na za waliofika juu, na za wanaouliza mbona sisi hatujafika. Za kule hamna hata moja. Hata jina la nchi hatukulijua kwa hakika. Tokea asubuhi tumekimbia kwa ajili ya jambo lililowafika wao, na hakuna aliyewataja.

Mzee wa kanzu akasema, "Tumeshasoma tahlili njia nzima na maiti hatunaye. Basi ziwe zao." Akanyanyua mikono. Tukanyanyua. Alipofika pahala pa kuwataja alikwama, maana angewataja vipi? Akasema, "Wale, ya Rabbi. Unawajua." Tukasema amin, wanaume na wanawake pamoja, makaburini, mchana.

Kulirudisha ndiko kulikokuwa kazi. Jeneza hurudi tupu, mtu mmoja hulitia begani akenda nalo kama ngazi. Mtu ndani yake hawajawahi kurudi naye. Hawakujua kichwa kitangulie au miguu. Hawakujua waseme nini njiani. Wakaanza tahlili, wakaikatiza, wakatazamana. Wengine walikataa kabisa kuligusa. Basi likabebwa na fundi na mzee wa kanzu mbele, na nyuma mjukuu wangu mkono mmoja na mimi mmoja. Wanawake. Hakuna aliyetwambia kitu. Mikono ile ya mvule ilikuwa laini kwa mabega ya watu, na mzee njia nzima analalamika kuwa ubao wa katikati unaumiza mgongo, angejua angeupiga randa zaidi.

"Waliopita humu hawakukwambia?" nikamuuliza.

Akacheka upande mmoja wa mdomo.

Tangu siku ile fundi huja kila asubuhi kumtoa ukumbini, na mimi namwacha. Hilo sikulipenda wala silipendi, lakini namwacha. Kuhusu kule mbali, mjukuu wangu alikuja kunisomea kuwa ilikuwa sehemu fulani, na maji yalinyanyuka kidogo, au mengi, wanaosema hawasemi sawa. Nimeshuka pwani bamvua iliyofuata, makusudi, nikaenda mpaka kijiti cha mwisho. Maji yalinifika magoti. Lakini siku ile je? Sijui. Ninachojua ni kuwa mzee wangu akishanywa uji wake huniuliza kuhusu wale watu, wamebebwa au bado, na mimi namfuta mdomo, namwambia nitamuuliza mjukuu.