Kuku wa Koko kwenye Maonyesho ya Goma

Niliondoka Minova kwa sababu ya mashine ya kulishia kuku. Wanafunzi wangu wa darasa la saba waliitengeneza wenyewe katika saa za teknolojia: bidoni ya njano, dumu la maji lililokatwa tumbo, kifuniko cha bati, kamba, waya za mwavuli uliokufa, na ubao mmoja mbele. Kuku akikanyaga ubao, kamba inavuta, kifuniko kinainuka, naye anakuta mahindi yake. Akishuka, kifuniko kinafunga na panya wanabaki kulamba bati. Shule moja ya Himbi, mjini Goma, ilitualika kwenye maonyesho ya kazi za mikono za wanafunzi, nami nikapewa jukumu la kumsindikiza Furaha, msichana aliyebuni kitu chote hicho.

Shida ni kwamba mashine ilikuwa na fundi mmoja tu. Kuku wengine wakisikia kifuniko kinalia, walikimbia mpaka barabarani. Aliyeivumilia ni kuku wa koko yake Furaha, yaani bibi yake, kuku mweusi mwenye shingo tupu. Tulimwita Prefe kwa sababu alizoea kuingia darasani bila hodi na kukagua kila dawati kama mkuu wa shule. Furaha alimfundisha kwa punje za mahindi muhula mzima, naye akafundishika kupita kiasi. Alikanyaga chochote kilicho bapa, kisha akasimama, akainua kichwa na kungoja kifunguke.

Koko alimtoa shingo upande. Prefe ndiye kuku wake pekee anayetaga.

"Mwalimu, atarudi muzima?"

"Koko, mimi ni mwalimu. Nakupa neno langu."

Nililisema kwa sauti nzito, mkono kifuani. Napenda kutoa neno langu, hasa mahali penye watu.

Asubuhi, ufukweni Minova, tulipanda boti ya mota iliyojaa kabichi na ndizi. Mashine ilikaa kwenye mapaja ya Furaha, Prefe kwenye kikapu. Hatukuwa tumefika mbali alipotoka kikapuni, akapanda juu ya kifuniko cha sufuria ya mama mmoja mfanyabiashara, akasimama hapo kama askari wa zamu.

"Huyu kuku yenu iko namna gani?" aliuliza yule mama.

"Iko nasoma," alijibu Furaha.

Mama akatikisa kichwa, akasema wanawe wangekuwa na bidii hiyo angelala usingizi. Ziwa lilikuwa limetulia, mimi nilikuwa na shati jipya, na nilijiona mtu mwenye safari ya maana.

Kwenye bandari ya Kituku, Goma, tulipokelewa na kelele, harufu ya sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na wabeba mizigo waliotaka kubeba hata kofia yangu. Kwa kuwa Furaha alikuwa na mashine kichwani na kikapu kilikuwa kimepasuka, nilimtia Prefe kwapani tukapandisha kwa miguu kati ya kuta za mawe meusi. Tulikuwa tunakwenda kulala kwa shemeji yangu Mama Esther, dada mkubwa wa mke wangu, na mumewe Papa Esther, dereva wa kamyo anayeleta maharage kutoka Rutshuru. Ni mtu mkubwa hasa, akisimama mlangoni chumba kinaingia giza.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Niliingia kwenye lango la wakwe zangu nikiwa na kuku mkononi.

"Eeh! Shemeji!" Mama Esther alipiga vigelegele. "Umetuletea kuku! Aksanti, aksanti sana! Hakukuwa lazima!"

Akampokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, jinsi zawadi inavyopokelewa. Furaha akanitazama. Mimi nikafungua kinywa, nikakifunga, nikakifungua tena na kusema, "Ni kitu kidogo tu, shemeji."

"Kesho asubuhi mapema nitamuchinja. Mukirudi saa sita ya midi, mutamukuta na bugali."

Sasa ninyi mlio nyumbani mtaniuliza kwa nini sikusema. Nitawajibu kwa swali: nani kati yenu aliwahi kumnyang'anya dada mkubwa wa mke wake kuku aliyekwisha kushukuriwa kwa goti? Nyamazeni basi.

Alasiri nilimkuta Papa Esther amesimama katikati ya ua, kofia mkononi, macho ameyafumba, midomo inatetemeka. Prefe alikuwa amepanda kwenye kiatu chake cha kulia, akimtazama kwa matumaini. Nilidhani anamwomba Mungu, nikavua kofia na mimi. Tulisimama hivyo kwa muda mrefu, mpaka Furaha alipomwaga punje chini na kuku akashuka. Papa Esther akaingia ndani. Nilisema moyoni, huyu mzee ana imani kubwa, tena ameguswa na zawadi yangu. Nikazidi kuumia.

Jioni nilijaribu ujanja.

"Shemeji, kuku huyu naona kama anaumwa kidogo."

"Ooh! Basi tumuchinje sasa hivi, asitufie!"

"Hapana, hapana! Amepona. Ila ni mzee, nyama yake ni ngumu sana."

"Hakuna shida. Nitamutia ku moto mapema zaidi."

Kila nilipofungua kinywa, kifo cha kuku kilisogea karibu. Nikaamua kunyamaza ili angalau aishi mpaka asubuhi.

Kulipokucha nilisikia kisu kikinolewa kwenye jiwe. Nilitoka mbio nikiwa na kiatu kimoja. Mama Esther alikuwa ameketi penye karai, Prefe miguuni pake akimkanyaga ndala na kungoja. Na Furaha alikuwa amesimama mbele yao, amevaa sare ya shule, mikono nyuma.

"Mama, munisamehe," alisema. "Huyu kuku haiko zawadi. Ni ya koko yangu. Mwalimu aliona haya ya kusema."

Ardhi ingepasuka ningeingia kwa hiari. Kisu kilisimama. Mama Esther alimtazama mtoto, akanitazama mimi na kiatu changu kimoja. Ndipo kutoka dirishani ikasikika sauti nzito ya Papa Esther:

"Mungu asifiwe! Mumutoe mu nyumba yangu!"

"Papa Esther!" mkewe akashtuka.

"Minaogopa kuku! Tangu utoto! Sasa munajua, mufurahi!"

Mama Esther alicheka mpaka akaangukia ndoo. Alipopata pumzi alinieleza: "Shemeji, miye nilikuwa na haraka ya kumuchinja kwa ajili ya huyu mwanaume! Anaendesha kamyo mu barabara ya Rutshuru, mvua, matope, haogope kitu. Jana kuku ilimupanda ku kiatu, akabakia pale kama nguzo! Uliona?"

"Niliona. Nilidhani anaomba."

"Nilikuwa naomba!" ilijibu sauti ya dirishani.

Kumbe nyumba nzima ilikuwa imebanwa na adabu. Mimi nilitoa nisichotaka kutoa, wao wakapokea wasichotaka kupokea, na kuku angekufa katikati yetu kwa heshima zote. Njiani kwenda Himbi, Furaha aliniambia taratibu, "Mwalimu, si wewe unasema, kama haujui itakuwa namna gani, jaribu kwanza?" Nilitamani kumpa sifuri, lakini jibu lilikuwa sahihi.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa volkano. Ungedhani watoto wa mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano wamechoka nazo, lakini kila meza ilikuwa na yake, ya karatasi na unga, ikitoa povu la siki. Kulikuwa pia na kinanda cha chupa na daraja la vijiti, basi. Tulipofikiwa, mkaguzi aliyeongoza baraza la waamuzi alisogea karibu akiwa na kofia nzuri na viatu vinavyong'aa. Vilimharibia Prefe akili. Aliipita mashine, akapanda kiatu cha mkaguzi, akainua kichwa.

Mkaguzi akauliza chinichini, "Anataka nini?"

"Anangoja ufungue kifuniko, Musie Inspekta," alisema Furaha.

Mkaguzi alifikiri kidogo, kisha akavua kofia.

Watu walicheka mpaka volkano mbili tatu zikamwagika. Furaha akamwelekeza Prefe kwenye ubao, Prefe akakanyaga, bati likalia, kifuniko kikainuka, akala. Makofi yalivuma. Tulipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na volkano iliyolowesha suruali za waamuzi wote, na sina kinyongo, ilikuwa kazi nzuri.

Siku ya kurudi, Papa Esther alitusindikiza mpaka Kituku, akitembea upande wa pili wa barabara. Mama Esther, aliyekuja nasi, alitufungia sambaza kavu, akaapa mbele ya wabeba mizigo kwamba ni zawadi, asije mtu kumuuliza.

Minova, Koko alikuwa akitungoja ufukweni. Alimpokea Prefe, akampima uzito, akamgeuza huku na huku, machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, wewe ni mutu wa neno. Umenirudishia kuku muzima, na mutoto wangu ameshinda." Akageuka. "Furaha, lete kisu. Mwalimu atakula leo."

Furaha hakwenda kuleta kisu. Alinitazama tu, mikono nyuma, kama baraza la waamuzi. Na mimi nilisikia maneno "ni kitu kidogo tu" yakipanda kooni, nikayameza.

"Koko, aksanti sana. Lakini huyu kuku sitamla."

"Haupendi kuku?"

"Napenda. Huyu, hapana."

"Aa," alisema Koko. "Basi nitapika sambaza." Akamweka Prefe chini.

Ikawa ni hivyo tu. Nimesoma miaka mingi, nimefundisha miaka mingi, na sikujua kwamba neno "hapana" linapita kooni vizuri namna hii. Nilibaki nimesimama mchangani, nimefurahi mno. Nilipotazama chini, Prefe alikuwa juu ya kiatu changu, ameinua kichwa, anangoja.

Nikavua kofia.