Dirisha la Upande wa Bibi Harusi

Gari la Yakobo Luhende lina milango miwili, na liko chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kuingia ni lazima atangulize makalio. Lilitengenezwa Japani kabla binti yake wa mwisho, Winnie, hajazaliwa. Vijana wa Igoma huliita "spoti" na hupenda kupigia picha mbele yake. Luhende huliita gari tu. Alilinunua kwa rubani wa ndege za mgodini aliyekuwa anarudi kwao, enzi Luhende alipokuwa msimamizi wa vyumba vya baridi katika kiwanda cha minofu ya samaki. Kiwanda alishakiacha. Gari anaendelea kuliosha kila Jumamosi kabla ya kunywa chai.

Mwezi huu Winnie anaolewa Magu, na kamati ya harusi ilikaa sebuleni kwa Luhende kuamua atapelekwa kanisani kwa gari gani. Ilichagua kukodi gari jeupe. Sababu ilitolewa na mwenyekiti, Getruda, ambaye ni mdogo wake Luhende. Msimu wa mvua uliopita alipanda lile jekundu la kaka yake akitoka kwenye kipaimara. Mvua ikanyesha, maji yakaingilia dirishani, na alipofika Igoma gauni lilikuwa limechora ramani kuanzia bega hadi kiunoni.

"Kaka, lile si gari, ni bafu," alisema mbele ya kikao.

Wajumbe walicheka. Luhende hakucheka. Mambo mengine yote yalikuwa na wenyewe: ukumbi ulichukuliwa na upande wa bwana harusi, ng'ombe walikuwa wa kaka yake wa Magu, keki ya wafanyakazi wenzake Winnie. Yeye alikuwa ameomba jambo moja, kumwendesha binti yake mpaka mlango wa kanisa.

Getruda alimpa nafasi. Alhamisi angekuja mwenyewe, angekaa kwenye kiti atakachokaa Winnie, na gari limwagiwe maji. Likivuja, mjadala umekwisha.

Fundi anayeshughulika na vioo na milango hapo Igoma ni Okal, Mjaluo wa Rorya, ambaye gereji yake inatazama barabara ya Musoma. Alipofungua mlango wa gari, raba ya dirisha ilichomoka kwenye mfereji wake na kumning'inia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Raba zimelegea. Zibandike."

Okal alinusa vidole vyake. "Mzee, gari lako linanukia mboga."

"Mboga gani?"

"Ya ziwani. Sangara."

Ilikuwa kweli. Kule kiwandani, raba za milango ya vyumba vya baridi zilipakwa mafuta ya sangara ili zisigandane na barafu. Luhende alisimamia kazi hiyo kwa miaka mingi, na aliponunua gari aliona ni haki nalo lipate matunzo yaleyale. Kila kiangazi alichukua kitambaa na kopo la mafuta, akazipaka raba za madirisha mpaka zikang'aa.

"Na hapa kwenye kona, nani amekata?" Okal aliuliza.

"Zilikuwa zimezidi."

"Hazikuzidi, zilivimba. Umezilisha mafuta zikanenepa, halafu ukazipunguza. Sasa zimekonda, hazifiki kona."

"Kiwandani tulifanya hivyo miaka yote, na milango haikuvuja."

"Kiwandani kulikuwa na barafu, mzee. Hapa ni Igoma."

Luhende alizunguka gari, akakagua kona za upande wa pili, akarudi akakaa juu ya tairi lililolala.

Gundi haishiki kwenye raba yenye mafuta, kwa hiyo zile za zamani zingeoshwa kwa sabuni na maji ya moto, zikaushwe, zipigwe msasa. Hilo lingezifanya zishike, lakini lisingezirefusha. Raba mpya za gari hilo hazipatikani Mwanza. Okal alipiga simu kwenye maduka ya spea, kisha akaenda mwenyewe Mabatini kwa mtu anayebomoa magari yaliyokufa. Alirudi na raba moja iliyotoka kwenye gari jingine la milango miwili, nyeusi, laini, haijapasuka popote. Ilitosha dirisha moja.

"Tunaweza kuigawa," alisema. "Nusu huku, nusu huku, tuungie na zako. Pande zote zitavuja kidogo."

"Na usipoigawa?"

"Upande mmoja utakuwa mkavu kabisa. Mwingine nitaziba kona kwa vipande vya kandambili, tumwachie Mungu. Nianze na upande wa dereva?"

"Weka kushoto."

"Mzee, kila mteja huanza na upande wake."

"Nimesema kushoto. Mimi nitakuwa naendesha."

Okal alikwangua gundi kuukuu kwenye mfereji, akaufuta, akaanza kuipachika raba kutoka kona ya juu, akiibonyeza kwa dole gumba bila kuivuta. Raba iliyovutwa wakati wa kupachikwa hurudi yenyewe baadaye na kuacha pengo. Mahali pa kuungia aliikata mshazari kwa wembe, ncha mbili zikalaliana. Mara mbili Luhende aliinuka kwenye tairi akataka kusaidia kubonyeza, na mara zote mbili Okal alimwambia akanawe mikono kwanza. Kazi ilipokwisha milango ilifungwa, na ikaamriwa asiiguse mtu mpaka kesho yake.

Alhamisi Getruda alifika na kanga mbili mabegani, kichwani amevaa kofia ya plastiki ya saluni.

"Shangazi," Okal alisema, "umekuja kupima gari au kuoga?"

"Hilo atajibu kaka yangu."

Aliingia kwa kutanguliza makalio, akalalamikia magoti yake, akafunga mlango. Luhende alikaa kwenye usukani. Okal alimwaga ndoo ya kwanza juu ya paa, kisha akachukua mpira wa maji na kuuelekeza kwenye vioo, upande mmoja baada ya mwingine, bila huruma.

Ndani, Getruda alipitisha kiganja kwenye ukingo wa dirisha lake, kuanzia juu hadi chini. Akakitazama. Akapitisha tena, safari hii kwa ncha ya kanga.

Kwa Luhende, maji yalipata njia kwenye kona yenye kandambili. Yalishuka taratibu kwenye bega la kulia, yakaingia kwenye mkono wa shati, yakafika kwenye paja. Hakusogea. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele, kana kwamba alikuwa tayari amefika Kisesa, njiani kwenda Magu.

"Mbona umekaa kama unapigwa picha ya pasipoti?"

"Huko kwako kukoje?"

"Huku kukavu."

"Basi."

Getruda aliinama, akanyoosha mkono, akamgusa begani.

"Kaka, umelowa."

"Mimi si bibi harusi."

Okal bado alikuwa anamwaga maji. Getruda aligonga kioo kwa pete mpaka akaacha. Hakutoka mara moja. Alitazama dirisha lake, akatazama la kaka yake, akatoa simu kwenye mkoba na kumpigia Justa, katibu wa kamati.

"Justa, lile gari la kukodi lifute. Ndiyo. Nimekaa humo mimi mwenyewe, ni kavu." Akasikiliza kidogo. "Ngoja, usikate. Kwenye mavazi, baba wa bibi harusi tulimpangia suti ya kijivu. Badilisha, avae nyeusi. Nyeusi haionyeshi maji."