Pikipiki Iliyokaa Eda

Ulikuwa mwaka wa muhogo wa barafu. Unga wa ngano uliadimika Ilford nzima, Waingereza wameukomba wote wajifunze kuoka mikate majumbani mwao, na sisi tuliozoea chapati tukarudi kwenye muhogo wa paketi, mgumu kama kuni. Niliuchemsha asubuhi kwa nazi ya kopo, jioni nikala kiporo chake. Hata leo nikiuona dukani namkumbuka mume wangu, maana ndio uliokuwa jikoni simu ilipolia kutoka hospitali kwamba amefariki.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke aliyefiwa na mume hatoki ovyo, hapaki hina wala wanja, hajifukizi udi, havai cha kupendeza. Sikuona tabu, kwa sababu mwaka ule London nzima ilifungiwa ndani kwa korona, ikakaa eda pamoja nami. Mabasi mekundu yanapita hayana mtu, majirani wanachungulia madirishani kama wanawali.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mjukuu wangu, binti wa mwanangu. Alikuja kukaa nasi alipoanza chuo kikuu. Anasomea uhandisi. Mimi niliyeishia madrasa na miaka miwili ya skuli namwambia kila mtu jambo hilo, na wewe sasa umeshaambiwa. Kiswahili anakielewa chote, ila jibu litatoka kwa Kiingereza.

Na uani, bandani, tulikuwa na pikipiki.

Ni ya Kimarekani, kongwe kuliko mimi. Waliileta askari wao wakati wa vita, vita vilipokwisha wakaiacha, akaichukua jirani yetu Mwingereza akaipaka nyeusi juu ya kijani cha jeshi. Alipokufa, mkewe akamuuzia mume wangu, aliyekuwa fundi wa mabasi. Gia yake ni mkono wa chuma ubavuni mwa tangi, klachi unaikanyaga kwa mguu kama ya gari. Kiti ni cha ngozi, kipana, kimekalia springi, kimepasukapasuka kama kisigino changu. Skrubu ikipotea mume wangu hakutia mpya. Atatafuta ya zamani kama ile ile, hata mwaka mzima, na mwaka mzima pikipiki imelala. Nilimwambia hata mimi hakunitafuta hivyo. Akanijibu kwamba mimi sikuwa nimepotea.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa kwenye tangi. Pale goti lake la kulia lilipogusa, miaka na miaka ya kwenda kazini na kurudi, rangi nyeusi ilikwisha, kijani kikatokea, na katikati ya kijani chuma kitupu kinang'aa, ukubwa wa andazi. Watu wakimuuliza kwa nini haipaki rangi, aliwaambia mwenye mvi haulizwi kwa nini hapaki piko.

Mwanangu anakaa Hounslow, kazi yake uwanja wa ndege. Ndege zimelala, naye amelala. Siku moja akatuletea vitu vya dukani, akaviacha mlangoni kama ilivyotakiwa siku zile, kisha akazunguka uani. Nikasikia chuma kinagonga chuma. Nikafungua dirisha la jikoni. Tangi limewekwa juu ya nyasi, yeye ameinama anafungua kiti.

Akaniambia amepata mtu wa kupuliza rangi. Tangi litakuwa jeusi jipya, vyuma vyote ving'arishwe, ngozi ya kiti ibadilishwe. Nikitoka eda nitaikuta kama imetoka kiwandani jana. Alisema kwa furaha, kama mtu anayekuletea zawadi.

"Hiyo haipakwi rangi nami nikiwa hai," nikamwambia.

Akacheka. Akasema imechakaa. Nikamwambia hata mimi nimechakaa, anipulize basi. Mjukuu wangu akatoa kichwa dirisha la juu, akamwambia babaake kwa Kiingereza chake kwamba wanaozijua pikipiki hizi wakiikuta moja ina rangi yake na skrubu zake huizunguka kwa adabu, na wakiikuta imepakwa upya husikitika kama wapo msibani. Babaake akamwambia arudi kwenye vitabu vyake.

Nikaona hanisikii. Nikamwambia pikipiki hiyo imefiwa kama nilivyofiwa mimi. Imo edani. Haipambwi.

Hapo akainuka. Akalirudisha tangi mahali pake, akafunga banda, akaenda zake. Mjukuu wangu akashuka kuniambia nimecheza rafu. Nikamwambia akamenye vitunguu. Jioni nzima nilijiona mjanja, nikasahau kwamba eda ina mwisho.

Siku ya kutoka eda ilikuwa kiangazi, watu wameshaanza kuruhusiwa kutembeleana. Nikaoga, mjukuu akanifukiza udi, nikavaa kanga mpya. Mwanangu akaja, akala pilau, akanawa mikono, akakaa mbele yangu.

"Mama, leo umetoka eda. Basi na yeye atoke."

Amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Mjukuu akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Mimi nimeoga, baba, nimefukizwa," nikamwambia. "Kuna mtu aliyenibadilisha ngozi?"

Nilidhani atacheka. Akawa anatazama vidole vyake.

"Sikumuosha, mama," akasema. "Mwanawe pekee, na sikumuosha."

Kweli hakumuosha. Siku zile walituambia hairuhusiwi. Aliliona sanduku tu, kwa mbali, makaburini. Kumbe miezi yote hiyo mikono yake ilikuwa inatafuta pa kwenda, nami nikidhani ni uvivu wa mtu asiye na kazi.

Nikainuka, nikatia maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikachana kanga yangu ya edani vipande. Mjukuu akachukua kopo la mafuta ya babu yake. Tukatoka uani. Kutoka mlango ule, baada ya muda wote huo ndani, jua lilinichoma macho.

Nikampa mwanangu kitambaa. Nikamwambia aanze upande wa kulia, kama tunavyoanza tukiosha maiti wetu.

Akaanza kulia. Alifuta polepole, usukani, taa, kila skrubu peke yake. Kiti akakikanda mafuta mpaka ngozi ikalainika. Tangi akaliacha mwisho. Alipofika pale penye goti akaweka kiganja chake, akakiacha hapo muda mrefu. Mimi nikatazama ukuta wa jirani.

Kisha akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Patashika kutu hapa, mama. Nipaguse rangi kidogo tu? Hapa tu?"

"Papake mafuta," nikamwambia. "Kila ukija, papake mafuta. Hiyo haipakwi rangi nami nikiwa hai."