Medali Zangu za Kihispania

Harufu ya kalamu ya ubao mweupe hunirudisha moja kwa moja Al Wukair, katika nchi ya Kiarabu tulikohamia, sebuleni kwa Senyora Pilar, jirani wa ghorofa ya chini aliyewafundisha watoto wa jengo letu Kihispania. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa muuguzi hospitalini mtaa wa Al Sadd, Baba dereva, na mimi, wacha niseme ukweli, nilikuwa mdomo mtupu.

Siku hiyo Senyora aliandika ubaoni neno *modal*. Akaeleza kuwa ni kivumishi cha mambo ya namna: hutumika kwa vitenzi vya kuweza, kutaka na kulazimika, hata kwa muziki wa zamani, na ukisema *modales*, sasa ni nomino, adabu za mtu. Hayo nilikuja kuyajua baadaye sana. Wakati huo nilikuwa nikimsimulia mwenzangu habari za paka aliyepanda lifti, huku nikitafuna biskuti za mwenzangu huyohuyo.

Kipindi kilipoisha Senyora akaandika kwenye daftari langu: *Te faltan modales.* Nilijua *faltan* ni vitu ambavyo bado havijapatikana. Lile jingine nikalikisia.

"Mama! Senyora anasema medali zangu bado hazijafika!"

Mama akaketi. "Medali? Ngapi?"

"Ni wingi," nikajibu kama profesa.

Siku ya Ijumaa Mama akampigia mama yake, Nyanya, kule Kisii kumpasha habari, akakaanga mandazi, akampigia Baba shati pasi, tukashuka.

"Tumekuja kwa ajili ya medali," Mama akasema kwa Kiingereza.

Senyora, ambaye Kiingereza chake kilichechemea, alisikia *modales*. Uso ukamchangamka. "Afadhali mmekuja! Wazazi wengi hawajali. Mambo haya huanzia nyumbani."

"Hata sijui ametoa wapi," Mama akasema kwa unyenyekevu. "Baba yake hajawahi kupata hata moja."

Senyora akamtazama Baba kwa huruma. Baba akatabasamu, simu mkononi tayari kwa picha. "Utamvisha hapa hapa?"

"Kumvisha?"

Daftari likafunguliwa, maana ikatolewa polepole: nimepungukiwa na adabu. Wote wakanigeukia. Nami nilikuwa na mandazi mawili mdomoni, wala hakuna aliyekuwa amenikaribisha.

Mama akaomba radhi, akanilazimisha niombe zangu, kwa Kihispania. Kwenye ngazi Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Nilimfuata jikoni nikijua kofi linanisubiri, lakini simu ikalia. Nyanya alitaka kujua kama nimeshavishwa.

"Bado, Mama," akamjibu taratibu. "Imeahirishwa."

Nilidhani anaficha aibu yangu. Leo nami nafanya kazi ya zamu mbali na kwetu, na najua jinsi mtu anavyoweza kushinda siku nzima akiinua wagonjwa bila yeyote kumwambia ahsante. Mama alikuwa amengoja muda mrefu habari ya kupigia simu nyumbani. Ndiyo maana aliniamini upesi hivyo.

Wiki iliyofuata nilinyoosha mkono kabla ya kusema, mara tatu nzima. Nilifikiri namwogopa Senyora. Kumbe nilikuwa namtafutia Mama kitu cha kumwambia Nyanya.