Jumamosi Ambayo Torvald Alitumalizia Kazi

Tangu astaafu ukurugenzi wa kiwanda cha samaki wa makopo, Torvald Brekkhus ameshikwa na maradhi ya kutaka kujua. Anataka kujua falsafa, Wamongolia, muziki wa kanisani, na kwa nini vijana siku hizi hawazai. Hutembea na vidude masikioni akisikiliza maprofesa, na kila Jumapili hututumia wakazi wote wa jengo letu hapa Trondheim barua pepe yenye kichwa “Niliyoyawaza Wiki Hii”. Mimi huzisoma zote. Kumdharau mtu sawasawa kunataka bidii.

Barua tatu zilihusu upweke. “Jamii inayeyuka machoni petu,” aliandika, na takwimu tele juu yake. Mwandishi huyu anaishi ghorofa ya nne. Chini yake, ghorofa ya tatu, anaishi Gudny, ana miaka themanini na sita, na alifiwa na mumewe Januari. Torvald hajawahi kumbishia hodi hata siku moja.

Mwezi wa tatu Gudny alinisimamisha kwenye ngazi.

“Ragna, binti yangu anataka niuze nyumba nihamie kwake Oslo. Nimemwambia angoje dugnad ipite. Nikiona hapa bado kuna watu, nabaki. Nikikaa na mikate yangu peke yangu, basi, naenda zangu.”

Dugnad ni ile Jumamosi ya masika ambapo jengo zima hutoka kuzoa majani yaliyooza na kokoto zilizomwagwa wakati wa barafu ili watu wasiteleze. Ni kazi ya saa mbili, nasi huifanya kwa saa tano, maana katikati kuna kahawa na mikate ya mdalasini ya Gudny. Watu ambao miezi yote ya baridi husikiliza mlangoni mpaka ngazi ziwe tupu ndipo watoke, siku hiyo husemeshana.

Ijumaa jioni ikaingia barua pepe. “Majirani wapendwa, nimeichunguza sana dugnad, nikagundua inapoteza muda. Nimeita kampuni, wamemaliza kila kitu leo. Kesho pumzikeni!” Nilitukana peke yangu jikoni.

Gudny hana barua pepe. Saa nne asubuhi nilimkuta uani na meza, kitambaa cheupe na mikate sitini. Ua ulikuwa safi kama korido ya hospitali, na magunia ishirini na mawili yamepangwa getini. Hapakuwa na mtu mwingine ila Torvald na daftari lake, kifua mbele.

“Bibi, hii mikate inauzwa?” akamuuliza.

Gudny alimtazama, akaanza kuifunika. “Ragna, nisaidie kurudisha meza. Nikampigie binti yangu.”

Sikuishika meza. Nilikwenda getini, nikakokota gunia la kwanza hadi katikati ya ua, nikalimwaga lote. Nikamwaga la pili.

“We Ragna, una wazimu?” Torvald akapiga kelele.

“Ninao. Shika reki.”

“Lakini kazi imekwisha!”

“Nani kakwambia tulitaka iishe?”

Gunia la tano lilikuwa la kokoto, likapiga kishindo. Madirisha yakafunguka.

“Kuna nini huko chini?”

“Dugnad!” nikajibu. “Mkurugenzi kaharibu, njooni tumsaidie!”

Kufika saa sita tulikuwa watu kumi na tisa tumevaa mabuti, tunazoa kilichokwisha kuzolewa, tunachekana. Torvald alishika reki kama kipaza sauti, akimuuliza kila mtu anajisikiaje. Saa nane mikate ilikuwa imekwisha, ila ule uliokuwa mdomoni mwake.

“Yule bibi ananivutia sana,” aliniambia akifungua daftari. “Nataka kumhoji kwa ajili ya barua yangu ya nne kuhusu upweke. Anaishi wapi?”

Gudny alimsikia. “Chini yako, baba. Mwaka wa tisa huu. Ukitembea ukiwaza, taa yangu ya dari inatikisika.”

Torvald akaandika hilo. Kisha, Mungu nisamehe, akauliza, “Na jina lako?”

“Limeandikwa mlangoni. Njoo ubishe hodi, utalisoma.”

Akanikabidhi sinia tupu. “Mwaka kesho napika themanini, Ragna.”

Jumapili Torvald alituandikia juu ya ukarimu wa Wamongolia. Kwa Gudny hajabisha hodi mpaka leo.